Nchi Aliyoiunda Papa Deo

Majuzi mwenzangu wa kazini alinishawishi nikacheze naye. Alisema kuna kundi la watu wazima wanaokutana Jumamosi mchana kwenye mkahawa mmoja hapa Kampala, wakicheza ule mchezo wa mezani ambao mtu mmoja hutunga dunia na wengine huingia humo kama wahusika. Kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, kisha kete zinaamua kama amefaulu. Dunia zao, alisema, ni za anga za mbali. Nikaenda. Nilimkuta kijana mmoja mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko mawazo yake, kete zake za zambarau zimelala kwenye kijisanduku cha mahameli, mbele yake ramani aliyoichapisha kwa rangi. Akatufungulia sayari yake. Ilikuwa jangwa tupu kutoka ncha hadi ncha, mvua haijanyesha tangu iumbwe. Katikati ya jangwa hilo aliuweka mji wa mamilioni ya watu, wanakula nyama kila siku na kuogelea kwenye mabwawa ya marumaru.

Nilimuuliza ng'ombe wao wanakula nini. Akasema ni teknolojia. Nikamuuliza hewa ya kuvuta inatoka wapi kama hakuna hata jani moja. Akaniambia dada nitulie, ni mchezo tu, na wenzake wakacheka kile kicheko cha watu walioshiba. Kisha akanisukumia kete ili nianze. Nilipoishika, vidole vyangu vilitaka kitu kingine: kizibo cha soda kilichoanza kushika kutu, namba imeandikwa ndani yake kwa kalamu ya wino. Niliirudisha ile kete sandukuni, nikaaga. Wala sikumkasirikia yule kijana. Nilimdharau, basi, na dharau hiyo sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa.

Tulikuwa tunakaa Makindye, kwenye ua wa vyumba vinane na bomba moja la maji. Mama alitutoa Kongo ya mashariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, baada ya baba kuuawa, na mimi sikumbuki chochote cha huko. Ninachokumbuka ni kibaraza chetu, cherehani ya Mama ya kukanyaga, vipande vya kitenge sakafuni, na madumu ya manjano yaliyopangwa foleni bombani tangu asubuhi. Kaka yangu Heri alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa na tisa.

Chumba cha mwisho alikaa Mkenya mmoja, Mutiso, ambaye sisi watoto tulimwita Anko Mutiso. Alifanya kazi na watu wanaochimba visima. Alikuwa akipotea wiki mbili huko mikoani, kisha anarudi na matope kwenye viatu na hasira za kawaida za mtu aliyelala kwenye hema. Siku moja alinunua kitabu kisicho na jalada kutoka kwenye rundo la vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kwenye turubai barabarani. Kilikuwa kitabu cha kanuni za mchezo huo wa angani. Kete hakuwa nazo, kwa hiyo alikusanya vizibo vya soda, akaviandika namba moja hadi ishirini, akavitia kwenye kopo la maziwa. Jumapili baada ya kanisa alitoa meza yake ya plastiki uani, na sisi watoto wa ua tukakaa kuizunguka. Ukichovya mkono koponi, unatoka na harufu ya kutu na sukari iliyochacha ambayo hata sabuni haikuitoa mpaka kesho yake.

Nyinyi mliokua wakati wangu mnajua namna watu wazima walivyokuwa wakiwasifu watoto siku hizo, yaani hawakuwasifu kabisa. Mutiso alizidi. Alitutaka kila mmoja alete sayari yake, kisha aliichinja mbele ya wote. Heri alileta sayari yenye milima ya dhahabu. Mutiso akamuuliza watu wa huko wanakula nini. Heri akasema wananunua chakula kwa dhahabu. Mutiso akamuuliza wanakinunua kwa nani, kama kila mtu ana mlima wake. Msichana wa chumba cha tatu alileta sayari yenye jumba moja kubwa la vioo linaloelea mawinguni, na Mutiso akataka kujua choo kiko wapi na kinamwagika juu ya nani. Tulicheka mpaka machozi, naye hakucheka. Alisema sayari isiyo na choo ni uongo, hata iwe na majua manne.

Yeye alianzia kwenye maji kila mara, nadhani kwa sababu ya kazi yake. Maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi. Ukishajua hayo, alisema, unajua mji uko wapi, nani tajiri, nani anabeba dumu, na vita vitatokea wapi. Baada ya maji ilikuja joto, baada ya joto chakula, na watu walikuja mwisho kabisa. Nilimeza kila neno lake kama mtoto anavyomeza dawa aliyoambiwa ni tamu.

Alikuwa na sheria moja ya meza ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote. Mtu akiwa anaisimulia sayari yake, hakatizwi. Ukiona ufa, unangoja amalize, kisha unauliza swali. Humwambii kwamba ni uongo, maana kila aliyekaa pale anajua ni uongo; kazi yake ni kuufanya ukalike. Mimi niliivunja sheria hiyo mara moja, nikamkatiza msichana wa vioo, na Mutiso akanitoa mezani Jumapili nzima. Nilikaa kwenye ngazi za chumba chetu nikawasikiliza wakicheza bila mimi. Ile aibu iliniingia kwenye mifupa.

Jumapili iliyofuata nilileta sayari yangu. Ilikuwa ndogo, na upande mmoja tu ulipata mvua, kwa hiyo watu wote walikaa kwenye mteremko huo na kugombania sehemu ya juu, kwa sababu wa chini hupokea maji machafu ya wa juu. Niliitoa Makindye, bila shaka, lakini nilidhani nimeibuni. Mutiso aliuliza maswali yake matatu, nikajibu yote. Alikuna kidevu, akasema, "Hii mtu anaweza kuishi."

Ni hayo tu aliyosema, na yaliniharibu. Tangu siku hiyo nilikuwa mtoto asiyevumilika. Nilidharau sayari za wenzangu, nilidharau hadithi za mwalimu wa shule ya Jumapili, nilidharau hata tangazo la redio lililosema sabuni fulani inang'arisha nguo bila kusuguliwa. Niliamini kuna watu wanaojua maji yanatoka wapi, halafu kuna wajinga.

Ndipo akaja Papa Deo.

Alikuwa Mkongo mwenzetu aliyeanza kusali kanisani kwetu miezi michache kabla. Mtu wa makamo, mnene kiasi, suti ya kijivu iliyong'aa kwenye magoti, viatu vilivyochongoka kama midomo ya bata. Kwapani alibana mkoba wa ngozi wenye zipu mbovu, akaubana hata wakati wa kuomba. Alianza kuja kwetu Jumatano mchana. Alikunywa chai ya Mama kwa vijiko vinne vya sukari na kuacha nusu kikombe.

Alichomletea Mama kilikuwa hiki. Kulikuwa na mama mmoja na watoto wake wawili, wakimbizi kama sisi, waliokubaliwa kwenda kuishi Kanada. Wamerudi Kongo kimyakimya na hawatatokea tena, alisema, na nafasi zao ziko wazi. Yeye anamfahamu mtu. Kilichobaki ni kupata mama mmoja na watoto wawili watakaokuwa wao. Mama alisikiliza huku mguu wake umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Mungu iko mukubwa, Mama Heri," Papa Deo alimwambia. "Hii mulango haifungukake mara mbili."

Jumatano iliyofuata alileta karatasi tatu, moja kwa kila mmoja wetu. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na jina, Esta, umri, miaka kumi na mmoja, mahali nilipozaliwa, jina la baba yangu na namna alivyokufa, nini niliona kwa macho yangu, na nini nasikia mpaka leo usiku ninapolala. Papa Deo akatueleza kwamba tutaulizwa maswali na mtu aliye upande wa pili wa meza, na kwamba lazima tujibu kama wale watu, kutoka ndani.

Mnaelewa sasa kilichotokea kichwani mwangu. Hizo zilikuwa karatasi za wahusika. Mutiso alitugawia karatasi za namna hiyo hiyo: jina, umri, ulikotoka, unachokiogopa. Kulikuwa na meza, kulikuwa na mtu mmoja anayeijua dunia na wengine wanaoingia. Nilishangaa tu kwamba watu wazima nao wana mchezo wao, na kwamba Mama, ambaye hakuwahi kukaa kwenye meza ya Mutiso hata mara moja, alikubali kucheza. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilimwona amepata cha kumpumzisha.

Na nilikuwa mzuri kuliko wote. Heri alisahau jina la kijiji, akachanganya tarehe, akatokwa jasho. Mimi nilikuwa Esta hata nikienda kuteka maji. Nilimwongezea mambo ambayo hayakuandikwa: kwamba anaogopa mbuzi, kwamba anatafuna kucha zake. Papa Deo aliponiuliza namna baba alivyokufa, nilinyamaza kidogo, nikatazama sakafu, kisha nikasema kwa sauti ya chini. Mama alitoka nje. Papa Deo akasema huyu mtoto ana kichwa.

Tatizo langu lilikuwa nchi yenyewe. Papa Deo alipenda kuisimulia Kanada akiwa ameegemea ukuta, macho yamefumba nusu. Huko theluji iko mwaka mzima, alisema, na mahindi yanaota juu yake, makubwa kuliko ya Kongo, wanavuna mara tatu. Jua linatoka saa chache tu lakini halizami. Heri alipomuuliza kama kuna mito ya kuvulia samaki, alisema iko mingi sana, inatoka baharini inapanda milimani, ndiyo maana samaki wao ni wakubwa. Mama aliuliza mawili tu: kama kuna shule, na kama watu wa huko wanashonesha nguo. Papa Deo akasema wanashonesha sana, wanavaa ngozi, fundi wa ngozi huko ni kama mbunge.

Nilikuwa nikimsikiliza kwa dharau ambayo sijawahi kumpa mtu mwingine tangu hapo, na nimekutana na wengi. Mto unapanda mlima! Msichana wa chumba cha tatu na jumba lake la vioo alikuwa mtaalamu kando yake. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kama theluji ni baridi, mahindi yanaota vipi. Mama alinifinya pajani chini ya meza na kuniambia nimwache mkubwa amalize.

Nikakumbuka ngazi za chumba chetu, ile Jumapili ya kutolewa mezani. Nilikuwa nimemkatiza mtu anayeisimulia sayari yake. Mama alikuwa anashika sheria ambayo mimi niliivunja. Sikuuliza tena.

Mutiso aliporudi kutoka kwenye visima nilimngoja avue viatu, nikamweleza kuhusu sayari yenye theluji ya daima, mahindi ya mara tatu na mito inayopanda. Sikumtajia jina la nchi wala la mtu. Nilidhani si haki kumsema mtu ambaye hayupo mezani. Mutiso alikuwa amechoka. Aliuliza nani ameileta. Nikasema mtu tu.

"Mwambie huyo mtu akalale," alisema. "Na kama kuna anayecheza kwenye hiyo sayari, basi huyo ni mjinga kumshinda aliyeitunga."

Nilirudi kwetu nikamkuta Mama mlangoni anapinda upindo wa gauni, pini zimebanwa midomoni. Nilimtazama nikaona kwamba Mutiso amekosea kwa upande mmoja. Mama hakuwa mjinga. Mama alijua kila kitu, ila alikuwa na adabu. Alimwachia yule mtu mchezo wake kwa sababu hana mwingine. Nilimpenda sana Mama jioni ile.

Heri hakucheza tena na sisi Jumapili. Alisema meza ya Mutiso ni mambo ya watoto. Nami niliona ni kawaida, amehamia kwenye ule mchezo mwingine.

Cherehani iliondoka siku ya Ijumaa, imeuzwa ili Papa Deo apate fedha yake. Kijana wa bodaboda aliifunga kwa mipira nyuma ya pikipiki, Mama akalishika gurudumu lake mara moja, kama unavyoshika paji la mtoto kujua kama ana homa, akaiachia. Vitenge vyake vyote vilikuwa vimeshatangulia. Papa Deo alichukua na vitambulisho vyetu vya ukimbizi, akasema mtu hawezi kuwa watu wawili, hivyo ni lazima vile vya zamani viharibiwe. Nilifikiri mchezo ukiisha vitu vitarudi. Kwenye meza ya Mutiso pia tuliuza vyombo vyetu ili tupate nauli ya kuruka angani.

Alituambia tungoje kwenye lango la shule moja Old Kampala, Jumatatu saa moja asubuhi. Basi litatuchukua hapo na kutupeleka uwanja wa ndege. Mama alituvika sweta mbili mbili kwa ajili ya baridi ya tuendako. Tulifika mapema. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na kulikuwa na askari mmoja tu wa lango, Mganda mzee mwenye koti la mvua, aliyetutazama sisi na mabegi yetu.

Jua lilipanda. Heri alikimbilia kila gari lililopunguza mwendo. Mama alipiga simu ya Papa Deo, ikawa haipatikani; akapiga tena, akapiga tena, kisha akaanza kuitazama tu. Adhana ya adhuhuri ilitoka msikitini juu ya kilima, na mimi bado sikuwa nimevua sweta hata moja, kwa sababu Esta ni mtoto mtiifu. Askari akaja na jagi la maji.

"Nyabo, nyinyi nangoja nani?" alimuuliza Mama, kwa heshima ya Kiganda. "Hapa ni shure. Hakuna basi nakuja hapa."

Mama aliendelea kuitazama simu. Askari akainama akaniuliza mimi jina langu, nikamwambia naitwa Esta, nina miaka kumi na mmoja, tunakwenda Kanada. Aliniwekea mkono kichwani, akarudi langoni kwake.

Baada ya adhana ya alasiri Mama aliketi juu ya begi lake. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na hicho kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nilidhani anaonea huruma mchezo ulioharibika. Nikamkaribia, nikamwambia asilie, ile nchi ilikuwa mbovu tangu mwanzo, mahindi hayawezi kuota kwenye theluji na hakuna mto unaopanda mlima.

Aligeuka taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Mama."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliwaza na wewe uko unajua."

Heri alinipiga kofi. Mama hakumkataza.

Kesho yake Mama alikwenda Kasubi, ambako Papa Deo alisema anakaa. Alizunguka mpaka viatu vikamkatikia. Hakuna aliyemjua mtu wa suti ya kijivu na mkoba wa ngozi. Kanisani nako alikuwa amepotea, na ikajulikana kwamba familia nyingine mbili zilikuwa zimesimama kwenye malango mengine siku ile ile.

Mutiso alisikia kutoka kwa majirani. Alikuja mlangoni kwetu akaniomba nimsimulie ile nchi tena, yote, nami nikamsimulia. Nilimwona akielewa katikati ya maneno yangu.

"Ulikuja ukaniuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikujibu nini?"

Nikamrudishia neno kwa neno, pamoja na lile la mjinga kumshinda aliyeitunga. Mama alikuwa ndani, anasikia. Mutiso aligeuka, mikono imening'inia, akaenda chumbani kwake. Jumapili hakutoa meza. Mwezi uliofuata kampuni ilimhamisha, akaondoka nasi tuko shuleni.

Nimewahi kuwasimulia marafiki wa rika langu habari hii, na wote hukimbilia kuniambia kwamba mtoto wa miaka tisa hana kosa. Huwa naona wanaharakisha habari iishe warudie chai yao. Wengine husema Papa Deo alikuwa mjanja, na hapo ndipo ninapochukia zaidi. Hakuwa mjanja hata chembe. Alikuwa mvivu. Hakujisumbua hata kumuuliza mtu theluji ni kitu gani. Alikwapua riziki ya mjane kwa dunia ambayo watoto wa ua mmoja wa Makindye wangeitupa kwenye jalala, na aliweza kwa sababu alijua jambo ambalo Mutiso hakulijua: mtu aliyechoka vya kutosha haulizi maji yanatoka wapi. Anauliza kama kuna shule. Siku hizi kazi yangu ni kukagua michoro ya mitaro ya maji ya mvua ya mji huu, na kila wiki naletewa mtaro unaopanda kilima, umepigwa muhuri na wakubwa. Naurudisha bila kuandika neno la adabu.

Lakini bado sijasimulia langu.

Majuma kadhaa baada ya lango la Old Kampala, Mama alitupeleka kwenye ofisi ya wakimbizi kuomba vitambulisho vipya. Alikusudia kusema vya zamani vimepotea, na kweli vilikuwa vimepotea. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Wakati huo nilishajua kwamba haukuwa mchezo. Heri alinieleza vizuri, kwa ngumi. Kisha tukaitwa mmoja mmoja. Niliingia kwenye chumba kidogo, nikamkuta mwanamke mpole mwenye miwani, kalamu mkononi, meza kati yetu. Aliniuliza kwa upole jina langu ni nani.

Nikasema naitwa Esta. Nikasema nina miaka kumi na mmoja, nikataja kijiji, nikataja namna baba alivyokufa, nikanyamaza palepale pa kunyamaza, nikatazama sakafu. Sijui kwa nini. Nimeshajaribu maelezo yote na hakuna yasiyovuja. Nilikuwa nimefanyishwa mazoezi kwa ajili ya meza hiyo, na kalamu hiyo, na swali hilo, na lilipokuja, ulimi ulikwenda wenyewe. Nililia hata, na machozi yalikuwa ya kweli. Yule mwanamke aliandika kurasa mbili. Alinipa kitambaa chake.

Kisha akamwita Mama, akamsomea.

Mama alijaribu kueleza. Alisema huyu ni mtoto wake lakini maneno si yake. Kisha alisema kuna mtu aliwafundisha. Kisha alisikia mwenyewe alichokisema. Yule mwanamke aliweka kalamu chini. Hakutufokea. Alisema tu kwamba sasa habari zetu ni mbili na itabidi zichunguzwe, turudi. Tulirudi mara nyingi sana. Heri alichoka kabla ya faili letu kusogea, akaenda Juba kutafuta kazi, na mpaka leo hupiga simu sikukuu tu. Mama bado yuko Makindye, anashona kwenye mashine ya kuazima iliyogeuka kuwa yake kwa uzee. Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja.

Siku ile tulitembea kurudi nyumbani, kwa sababu nauli ilikuwa imeishia asubuhi. Heri alitangulia mbali. Mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu lile lango, na tukaenda hivyo mpaka tulipoanza kupanda kilima cha Makindye. Hapo akasimama.

"Sema jina yako," aliniambia.

"Nsimire."

Tukapiga hatua kama ishirini. "Sema tena."

"Nsimire."

Alinitaka niliseme kwenye kila kona, mbele ya duka la mkaa, mbele ya wanawake waliokuwa wakichoma mahindi, mbele ya ukuta wa kambi ya jeshi ambapo wanajeshi walitugeukia. Aliusikiliza kila wakati mdomo wangu kwa makini, kichwa ameinamisha, kama mtu anayejaribu shilingi kwa kuigonga mezani. Nililisema kwa sauti, nililisema polepole, nililisema kama nilivyojua mimi kusema jina likaaminika. Tulipofika kwenye ua wetu aliniuliza mara ya mwisho, nikalisema vizuri kuliko mara zote, na nikaona usoni mwake kwamba hajui kama aniamini.